Urithi wa Ghorofa ya Tatu

Ndugu yangu Taisto hakuniachia nyumba wala shamba.
Aliniachia masanduku kumi na moja ya plastiki,
kipimajoto, kijiko cha mti, na daftari
lenye mwandiko wa mkono uliopoteza vidole viwili
kwenye kiwanda cha karatasi.

Ukurasa wa kwanza: *Irja, jongoo usiwaogope.*
Wa pili: *Tandu, mwogope.*

Nimekata tiketi stesheni ya Oulu miaka thelathini na moja,
kuhesabu nakujua.
Jioni ya kwanza nikahesabu miguu ya jongoo mmoja,
mweusi, mnene kama kalamu ya fundi.
Nikafika mia na arobaini, akageuka.
Nikaanza upya. Akageuka.
Miguu ile haikanyagi, inapita tu,
kama upepo upitavyo juu ya shayiri,
na shayiri yenyewe haiendi popote.

Chakula chao ni kuoza.
Nafukua majani ya mbetula chini ya theluji,
nayachemsha, jikoni kunanuka msitu uliokufa.
Nasaga maganda ya mayai.
Jumapili nawakatia tango,
maana Taisto ameandika *Jumapili*,
akapiga mstari chini yake.

Jirani yangu Pentti kasimama mlangoni, kofia mkononi:
"Lakini ukiwaita hawaji. Hawakujui hata jina."
Nikamwambia, "Taisto naye alikuwa hivyohivyo,
na kahawa ukimwekea alikunywa."

Ukiwagusa vibaya hujikunja,
jongoo mzima anakuwa kifungo cha koti,
kisha anatoa ute wa rangi ya kutu
unaonuka kama dawa ya kidonda.
Doa lilinikaa kidoleni siku tisa.
Siku ya maziko nilikuwa nalo ndani ya glavu
na hakuna aliyejua.

Sanduku la tisa lina mikanda miwili na jiwe juu.
Humo tandu kajizungusha mayai yake,
anayalamba moja moja yasishike ukungu,
hali, halali.
*Usimmulike,* daftari lasema. *Akishtuka atawala wanawe.*
Basi nikipita hapo nanyata,
mimi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Aarne, mwana wa Taisto, akapiga simu kutoka Tampere:
"Shangazi, tupa. Yote. Na hilo daftari."
Nikasema nitafikiri.
Sikufikiri. Nilikwenda kunyunyiza maji.

Kisha Februari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
umeme ukakatika mtaa mzima.
Mikeka ya joto ikapoa kama mikate iliyosahauliwa.
Nikawatoa jongoo, sita kwa hesabu,
nikawatia ndani ya sweta, juu ya ngozi,
nikaketi gizani, mwanamke wa miaka sitini na nane,
natekenywa tumboni na kitu kisichocheka.
Mmoja alilifuata kovu langu la nyongo
mwanzo hadi mwisho,
polepole, kama msomaji asiyetaka kuruka neno.

Tandu sikumthubutu.
Nilichemsha maji kwa jiko la gesi la kambini,
nikajaza chupa, nikailaza kando ya sanduku,
vyote nikavifunga katika koti la Taisto,
lile tulilorudishiwa na hospitali ndani ya mfuko.
Lilikuwa halijafuliwa.
Nilikuwa nangoja sababu.

Wanasema mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Lakini mti wenyewe tulishauzika mwezi wa kumi na moja,
ardhi ilikuwa ngumu, wakaleta mashine.
Jongoo kabaki, anainua kichwa hewani,
anapapasa huku na huku, hana pa kushika.
Nikampa kidole.

Nimeandika kwenye daftari, chini ya mwandiko wake:
*Umeme umerudi saa kumi na robo alfajiri.
Sita wazima. Mmoja kaacha doa jipya.
Sanduku la tisa sikulifungua.
Nimeweka sikio tu.*